Tupeane uzoefu: unamsomaje Sailor Moon kama mungu wa kike wa uumbaji?

Kalamu_Nyeusi (mwenye uzi)
Habari za saa hizi wakuu. Uzi huu ni wa wanaosoma manga (hadithi ya picha ya Kijapani) ya Sailor Moon ya Naoko Takeuchi kwa jicho la visasili: mwezi, umama, uumbaji, kufa na kuzaliwa tena. Leta mbinu inayokufaa na makosa unayoyaona kwa wasomaji. Habari za maisha tuziweke kando, tuletee ukurasa.

Nianze na la msingi. Chanzo ni manga, si katuni ya televisheni. Ilitoka katika jarida la Nakayoshi kuanzia mwishoni mwa 1991 hadi 1997. Toleo la kwanza lina vitabu 18, lile lililoanza 2003 lina 12 (ukiacha viwili vya hadithi fupi), na lile kubwa lililoanza 2013 lina 10. Kwa hiyo mtu akikwambia "angalia kitabu cha 11", muulize kwanza ni cha toleo gani. Taja sura, si kitabu. Kwa hesabu ya matoleo mapya sura ni 60, na habari yote ya uumbaji imelala sura ya 50 hadi 60, sehemu iitwayo Stars.

Wengi wanakwama kwa sababu wanaanzia hapo hapo. Ukifika Stars bila kuipitia sehemu ya Infinity (27 hadi 38) utamwona Sailor Saturn kama msichana mwenye silaha kali, basi.

BintiKurasa
Asante kwa uzi, kaka. Mimi naingilia kwenye jina.

Msichana anayegeuka Sailor Moon anaitwa Usagi, na Wajapani hutanguliza jina la ukoo: Tsukino Usagi. Sikio la Mjapani linasikia hapo "tsuki no usagi", yaani sungura wa mwezini. Kule Asia ya Mashariki madoa ya mwezi mpevu huonekana kama sungura anayetwanga. Wachina wanasema anatwanga dawa ya uzima, Wajapani wanasema anatwanga mochi. Mizizi ya kisa inarudi kwenye Jataka, visa vya maisha ya awali ya Buddha: mzee mwenye njaa anaomba chakula, kila mnyama analeta alichopata, sungura hana kitu, anajirusha motoni ili mgeni ale nyama yake. Moto haumuunguzi. Mgeni kumbe ni Sakka, mkuu wa miungu, naye anachora sura ya sungura mwezini ili tendo lile lisisahaulike.

Sasa kishike kisa hicho mpaka mwisho wa Stars, pale Usagi anaporuka ndani ya Chungu cha Galaksi. Sungura amejirusha tena, na tena haangamii. Takeuchi hakuandika popote kwenye ukurasa ule "hii ni Jataka", kwa hiyo usiseme amenukuu. Sema umbo la tendo ni lile lile, na jina lilikuwa limetuambia tangu sura ya 1.

Angalizo kwa sisi wa Kiswahili: sungura wetu wa hadithi ni mjanja, anamzidi fisi akili, anakimbia na mali. Ukimpeleka huyo kwenye manga umepotea. Usagi ni mlizi, mlafi, anachelewa shule, mitihani inamshinda. Nguvu yake haina hila hata punje.

Mfasiri_wa_Usiku
Dada hapo juu kaandika "Chungu cha Galaksi" na nimefurahi, maana neno hili linawasumbua wanaofanya muhtasari kwa Kiswahili. Ni chombo kilichoko kwenye Nyota Sifuri ya kundinyota la Mshale, katikati ya galaksi yetu, na ndimo zinamozaliwa nyota zote pamoja na fuwele za masenshi (wasichana wapiganaji kama Sailor Moon), yaani uhai wao. (Kitovu cha Njia Nyeupe kweli kiko upande wa Mshale, hilo si la kubuni.)

Nimeona watu wanaandika "sufuria". Msomaji anaona alumini na mfuniko. "Tanuri" linaoka na kuunguza, halizai. "Chungu" ndilo: kimefinyangwa kwa udongo, kina tumbo, kina mdomo, kinapikia polepole. Kasoro yake ni kwamba chungu pia ni ladha na ni mdudu, kwa hiyo usiliache peke yake kwenye kichwa cha habari. "Nyungu" nayo inafaa, ila siku hizi mtu akiisikia anafikiria kujifukiza.

Mengine matatu ya haraka. "Fuwele ya fedha" inasomeka kama pesa. Andika "fuwele ya rangi ya fedha". Alama ya paji la uso ni mwezi mwandamo, lakini ukiandika "hilali" msomaji wa pwani anaingia msikitini moja kwa moja, na maana hiyo haimo. La tatu ndilo zito. Kiswahili hakina jinsia kwenye "yeye" wala "a-". Ukiandika "Mlinzi Cosmos alimwambia atakachokuwa", hakuna anayejua ni mwanamke au mwanamume. Katika mada inayohusu uungu wa kike, hilo linafuta hoja yako yote. Weka "binti", "malkia", "mama" mahali pa mapema, kisha endelea na "a-" yako kwa raha.

Nyundo_ya_Hoja
Kosa linaloniudhi kuliko yote: "Usagi ni mungu wa mwezi wa Kijapani." Hapana. Mwezi katika visasili vya Japani ni Tsukuyomi, naye husemwa kuwa mwanamume. Wa kike ni Amaterasu, na huyo ni jua. Mwezi wa kike wa Takeuchi umetoka Ugiriki: Selene na kijana Endymion. Ndiyo maana mpenzi wa Serenity (binti mfalme wa mwezini, ndiye Usagi katika maisha yake ya awali) anaitwa Endymion, na paka wanaitwa Luna, Artemis na Diana, majina ya miungu wa kike wa mwezi wa Kigiriki na Kirumi.

Ila hata Ugiriki usiinakili mzima mzima. Kule mungu yuko macho na mwanadamu amelala usingizi usio na mwisho, hazeeki wala haamki. Katika manga wote wawili wanakufa: Endymion anauawa, Serenity anachukua upanga na kujiua. Mungu anayekufa, azaliwe tena Tokyo, afeli hisabati. Hicho Selene hana.

Ukitaka kulinganisha na uumbaji wa Kijapani, chukua Kojiki, kitabu cha visasili cha mwaka 712. Izanagi na Izanami wanasimama juu ya daraja la mbinguni, wanakoroga maji ya chumvi kwa mkuki, matone yanaganda yanakuwa kisiwa. Kisha wanazunguka nguzo ili waoane. Mwanamke anaanza kusema, mtoto anazaliwa bila nguvu, anawekwa kwenye mashua ya matete na kuachwa aelee. Miungu wanatoa sababu: mwanamke ametangulia kusema. Wanarudia, mwanamume anatangulia, na visiwa vya Japani vinazaliwa. Baadaye Izanami anamzaa moto, anaungua, anafariki, anabaki kuzimu, na anaapa kuua watu 1,000 kila siku. Mume anajibu kwamba atahakikisha wanazaliwa 1,500. Amaterasu mwenyewe anatoka katika jicho la kushoto la baba akinawa. Mama ametolewa kwenye uumbaji na kukabidhiwa kifo.

Soma hilo, kisha fungua Stars. Neno la kwanza na la mwisho kuhusu kama nyota ziendelee kuzaliwa liko kwa msichana. Hakuna anayemwambia arudie kuzunguka nguzo.

BintiKurasa
Nyundo, hapo umenena. Ongeza kwamba upande wa kifo nao ni wa kike na hauko kuzimu. Sailor Saturn anapokaa sawa na Usagi ndipo picha inakamilika.

Kalamu_Nyeusi
Nilikuwa naingoja hiyo. Ninavyomfuatilia Saturn:

Anza na vitu vitatu: upanga wa Uranus, kioo cha Neptune, johari ya Pluto. Upanga, kioo, kito. Mjapani yeyote anaona hapo hazina tatu za kifalme, na kioo cha hazina hizo ndicho kinachohusishwa na Amaterasu. Vitu hivyo vikikutana, Saturn anaamka. Akishusha silaha yake, dunia ile inakwisha. Ndivyo ulivyofungwa ufalme wa mwezini ili watu wazaliwe upya. Halafu angalia kinachompata mwishoni mwa Infinity: anakuwa mtoto mchanga, na wanaomlea ni Uranus, Neptune na Pluto. Kifo kimebebwa mgongoni na mama watatu.

Kosa la kawaida ni kumwita "mwovu aliyetubu". Hajawahi kuwa mwovu. Ni jembe linalopindua shamba.

Pofu_Macho
Wakuu, samahani, Chibi Chibi, yule mtoto wa Stars, si ile nuru ya Galaxia, adui wa sehemu hiyo? Mbona mnamwacha?

Nyundo_ya_Hoja
Hiyo ni katuni ya 1992 hadi 1997, mkuu. Humo Chibi Chibi ni mbegu ya nyota ya Galaxia. Katika manga ni Sailor Cosmos, yaani Sailor Moon mwenyewe aliyekuja kutoka wakati wa mbali sana baada ya kukimbia vita. Ukichanganya hivi viwili uchambuzi wote unaporomoka, kwa sababu swali la uumbaji limejengwa juu ya huyo Cosmos. Filamu za 2023 zinafuata manga, kama huna vitabu.

Mfasiri_wa_Usiku
Ngoja tukae hapo kwenye swali lenyewe, maana watu wanalipita mbio.

Chaos yumo ndani ya Chungu. Cosmos anataka Chungu kivunjwe: kikivunjika, chanzo cha uovu kimekwisha. Ni hoja nzito, na anayeitoa ameona mwisho. Usagi anakataa kwa sababu Chungu kikivunjwa hakuna nyota itakayozaliwa tena. Anachagua kuacha mlango wa uovu wazi ili mlango wa uzazi usifungwe. Kisha anaruka.

Mfano mzuri wa kuweka kando ni kisa cha Wales kwenye Mabinogi. Kuna chungu kinachofufua wafu. Efnysien anajificha kati ya maiti, anatupwa ndani akiwa hai, anajinyoosha mpaka chungu kinapasuka vipande vinne na moyo wake nao unapasuka. Naye ameruka, lakini ili kivunjike. Usagi anaruka ili kibaki. Viweke visa hivi kwenye safu mbili: aliyeingia, alitaka nini, chombo kilifanywaje, aliyeingia alitokaje. Msomaji ataona tofauti bila wewe kuhubiri.

Kwenye mstari wa mwisho wa safu hizo ndipo unaweza kumweka Madoka wa katuni ya 2011: anageuka kuwa sheria ya ulimwengu na karibu wote wanamsahau, ila rafiki yake Homura anamkumbuka. Usagi anapewa nafasi na Mlinzi Cosmos (wa ndani ya Chungu, si yule Sailor Cosmos) ya kuwa nyota mpya, anachagua kurudi, na manga inaishia na harusi.

BintiKurasa
Wanaosema harusi imeharibu uungu wake walisome tena lile gauni. Ni jeupe, kama lile la Serenity.

Pofu_Macho
Na Malkia Nehellenia wa Mwezi Mfu, yule adui? Jina lake nalo lina kisa?

Kalamu_Nyeusi
Linafanana na Nehalennia, mungu wa kike wa pwani ya Zeeland, Uholanzi. Mawe yake ya sadaka yalifukuliwa na dhoruba huko Domburg katika karne ya 17. Mengi yanamwonyesha ameketi na kikapu cha matunda, mbwa pembeni. Mlinzi wa mabaharia na wafanyabiashara. Kwenye manga anakaa ndani ya kioo. Huyo anastahili uzi wake, fungua wewe tutakuja.