Gereji zetu Kigoma ziache kukata springi za magari ya wateja kwa grinda

Ndugu wanajamvi, nafungua uzi huu nikiwa na hasira, na nitaieleza sababu yake kwa utaratibu ili kila mwenye gari hapa Kigoma aielewe.

Nilipeleka Altezza yangu kwenye gereji moja ya Mwanga pamoja na springi 4 fupi, mpya, nilizoagiza kutoka Dar es Salaam, zilizotengenezwa kwa ajili ya kushusha gari la aina hiyo likae karibu zaidi na ardhi. Nilichoagiza kilikuwa kimoja tu: zitolewe za zamani, zifungwe hizo. Mbele walizifunga. Nyuma walichukua zile za zamani wakazikata kwa grinda, na moja wakaipasha moto kwa gesi ili izame zaidi ilingane na mwenzake, kisha wakadai malipo kamili. Nilipouliza springi zangu za nyuma ziko wapi, nilijibiwa kwamba springi ni springi, na gari limeshuka kama nilivyotaka.

Jibu hilo halikubaliki. Springi ya kushushia gari hutengenezwa ikiwa fupi na ngumu kwa kipimo, na ncha zake hukaa sawasawa kwenye vikalio vyake. Ukikata ya kawaida unapunguza mizunguko inayobeba uzito, hivyo inakuwa ngumu bila mpango: yenye mizunguko 6 inayofanya kazi ikiondolewa 1, ugumu wake hupanda kwa asilimia 20. Hata hivyo, shokapu, yaani kile kifaa kinachotuliza mrukoruko wa springi, ni ileile, na nafasi yake ya kushuka imeliwa, kwa hiyo ukipakia abiria watatu nyuma ukaelekea Kasulu inagota kwenye kila tuta mpaka uti wa mgongo unauma. Tairi likining'inia, springi hulegea, na ile ncha iliyokatwa inaweza kuhama kwenye kikalio gari likiwa kwenye mwendo.

Gesi ni mbaya zaidi. Chuma cha springi hupata uwezo wake wa kurudi kwa kupashwa na kupoozwa kiwandani kwa vipimo, na fundi anayekipasha mpaka kiwe chekundu anakiua pale pale. Upande huo wa gari langu umekwishaanza kuzama kuliko wa pili, tairi linaliwa kwa ndani, na kwa kuwa nyuma imelala kuliko mbele, taa zimeinuka na zinawapiga machoni madereva wanaotoka Ujiji usiku. Hao hawakuomba kushushiwa gari lolote!

Nimeshaidai gereji hiyo springi zangu, gharama za kuzifunga upya na za kupima alaimenti (mkao wa matairi), na sitapunguza hata shilingi. Wenzangu mliowahi kushushiwa magari mjini hapa, ingieni chini mtazame: alama ya grinda kwenye ncha, au rangi ya buluu na kutu iliyoanza mahali rangi ya kiwandani ilipoungua, zitawaambia mlichofanyiwa.

Naomba pia mwenye kuifahamu gereji, iwe Kigoma Mjini au Kasulu, yenye kifaa cha kubania springi na fundi anayemwachia mwenye gari spea zake za zamani, anielekeze. Gari nimeliegesha, na sitalitoa barabarani likiwa na springi hizo.