Kocha wa basketi ya watoto anafoka mechi nzima, sisi wazazi tumekaa tu tunaangalia

Wakuu salaam. Leo nimekuja na hasira naomba mnivumilie, uzi ni mrefu na sijaupanga.

Nina dogo wa miaka 12 anacheza basketi. Anaipenda kupita maelezo, mpira analala nao kitandani, akiamka anadunda ndani mpaka mama yake anapandwa na presha. Huu ni msimu wa pili yuko chini ya kocha mmoja hivi (simtaji, na mnaomjua naomba msimtaje pia) na huyu bwana mazoezini siku za kawaida ni mtu poa tu, mchezo anaujua, kufundisha anajua, hilo simnyimi. Ila siku ya mechi refa akirusha tu ule mpira wa kuanzia, kocha anageuka mtu mwingine kabisa. Anabwata kuanzia hapo mpaka filimbi ya mwisho, mishipa ya shingo imemtoka, anatembea pembeni ya mstari kama simba aliyefungiwa.

Na ingekuwa ni kuelekeza ningeelewa, ukumbi una kelele bila kupaza sauti hausikiki. Sasa huyu mtoto akishika mpira anaambiwa "pasi, pasi!", akitaka kutoa pasi "piga wewe unasubiri nini!", akipiga ikakataa "nani kakutuma upige?!" Shambulizi moja amri tatu na zote zinagombana zenyewe kwa zenyewe. Mwenzake yuko peke yake chini ya ringi anamwita mpaka sauti inakauka, hamsikii, masikio yote yako benchi.

Mke wangu alirekodi mechi ya wiki mbili zilizopita, nikakaa usiku naiangalia. Nikaona kitu kikanikosesha usingizi. Nikarudisha nyuma nikaanza kuhesabu, robo ya pili peke yake dogo kapokea mpira mara 11, mara 9 kitu cha kwanza alichoangalia ni kocha. Sio ringi, sio mwenzake, sio hata yule anayemkaba. Anamuangalia kocha usoni kama mtu anayeomba ruhusa ya kwenda chooni. Huyu ni mtoto ambaye mwaka juzi alikuwa anaingia katikati ya watu wawili anapiga leiapu anatoka anacheka!

Akikosea mara moja anatolewa. Hapo hapo. Anakaa mwisho wa benchi na taulo kichwani na hakuna anayemwambia amekosea nini, kocha mwenyewe keshahamia kwa mwingine. Na taimauti ndio usiseme, ile ni dakika moja tu jamani, yeye sekunde 50 anatukana (sio matusi ya nguoni, ila "mazembe nyie", "mnanitia aibu", "bora ningeleta wasichana", na hilo la mwisho mabinti zetu wako palepale jukwaani wanasikia), zikibaki sekunde kumi ndio msaidizi wake masikini anahangaika kuchora kitu kwenye ubao, buza linalia, watoto wanarudi uwanjani hata maji hawajanywa.

Sasa kilichonileta huku ni cha Jumamosi.

Robo ya mwisho, zimebaki dakika nne na kitu, tuko nyuma 26-24. Refa anapuliza treveli (kutembea na mpira bila kuudunda) kwa mtoto wetu mmoja. Treveli kweli, mimi niliyekaa juu kabisa niliiona. Kocha akawaka, akaingia uwanjani, ubao wake wa kuchorea mbinu akaubamiza chini ukapasuka. Refa hakubishana naye, akampa teknikali fauli. Wasiojua, hiyo ni mtupo huru mmoja kwa wapinzani halafu mchezo unaendelea, na kwa sheria za FIBA, shirikisho la basketi duniani, kocha akipata mbili za kwake mwenyewe anatolewa nje. Wakaupata, 27-24.

Wakuu, mtu yule alikaa chini. Akakunja mikono akafunga mdomo dakika nne zote kama kamwagiwa maji ya baridi, maana anajua ya pili ikija anatoka mlango wa ukumbi mbele ya wazazi. Na zile dakika nne ndio basketi bora kuliko zote nilizowahi kuona hawa watoto wakicheza! Ghafla tukaanza kusikia sauti zao wenyewe, "skrini kushoto!", "namchukua mimi!", "rudi rudi!" Dogo langu likapokea mpira likaangalia ringi likapiga likafunga, halikugeuza hata shingo. Tukawakaribia, tukafungwa 33-32 na mpira wa mwisho umezunguka juu ya ringi ukatoka.

33-32. Ule mtupo mmoja wa teknikali hesabuni wenyewe. Najua kuna mjuaji atakuja kusema mechi haihesabiwi hivyo, sawa mkuu, nimekuelewa kabla hujaandika.

Filimbi ikalia, refa kaondoka na mpira wake, kocha akawaita watoto kona akawafokea robo saa nzima. Eti wamempotezea mechi. Mmoja analia, wengine wanaangalia viatu. Kuhusu teknikali yake hakusema hata neno moja.

Hapo ndipo nilipopandisha. Msimu mzima naambiwa "ana hasira tu yule, ndivyo alivyoumbwa". Hapana bwana. Dakika nne alijizuia vizuri kabisa, breki anazo na zinafanya kazi. Tofauti ni kwamba refa ana filimbi ya kumpulizia, mtoto wa miaka 12 hana.

Nikaandika kwenye grupu la wazazi, kistaarabu tu. Majibu niliyopata ningejua ningenyamaza. "Samaki mkunje angali mbichi", "anawajenga", "kama wako ni laini mpeleke kwenye chesi". Samaki mnakunja sawa, mbona huyu anampiga nyundo? Mwingine akaniletea kocha Bob Knight, eti alikuwa mkali na alibeba ubingwa wa vyuo Marekani mara tatu. Kweli alibeba, 1976, 1981 na 1987. Huyo huyo ndiye aliyerusha kiti uwanjani mwaka 1985 na mwaka 2000 chuo kikamfukuza kwa tabia hizo hizo, na aliokuwa anawafokea walikuwa vijana wa chuo wenye ndevu, sio watoto ambao meno ya maziwa yametoka juzi. Mbona hakuna anayeniletea John Wooden, kocha wa chuo cha UCLA? Mataji 10 ndani ya misimu 12, msimu wake wa mwisho wanasaikolojia wawili walikaa mazoezini kwake wakahesabu kila anachokifanya, vitu zaidi ya 2,300, karibu robo tatu vilikuwa na maelekezo ndani yake: fanya hivi, sio vile. Kukaripia kulikuwepo lakini sio sehemu kubwa. Grupu likawa kimya, mtu mmoja akatuma sala ya asubuhi saa mbili usiku.

Na mimi sio malaika. Mwaka jana nilikuwa nasimama jukwaani namuita refa kipofu mpaka binti yangu mdogo akanivuta shati, "baba kaa chini watu wanatuangalia". Nilikaa. Kwa hiyo najua hasira ya mechi ikoje, inapanda bila hodi.

Nataka kuuliza waliopitia hili, mliongea na kocha uso kwa uso au mlienda kwa uongozi moja kwa moja? Ninachoogopa nikiongea dogo ndio ataozea benchi, nishaona wenzake wawili ilivyowakuta. Kumhamisha naweza ila timu yenyewe ndio marafiki zake wote wapo hapo. Na tafadhali asije mtu wa "mwache akomae" maana nitamjibu vibaya.

Kesho kuna mazoezi. Jioni hii dogo kaja akaniuliza taratibu kama naweza kumpigia kocha nimwambie goti linamuuma. Nikamwambia hebu nione. Akanionyesha, halafu baada ya muda akanionyesha lile lingine.