Kitabu cha mapishi bila nyama, maziwa wala mayai: nitajuaje kama kinafaa jiko la kila siku?

Mama wa Pasua

Habari zenu wapendwa. Naomba mnisaidie kabla sijakitupa hiki kitabu, au kabla binti yangu hajanitupa mimi.

Nina binti yuko mwaka wa pili chuo, Dodoma. Kaja likizo na habari mpya: hali nyama, hali samaki, hali mayai, maziwa hagusi. Asubuhi ya kwanza nimemwekea chai ya maziwa, kaisukuma pembeni taratibu, "Mama, mimi sasa hivi ni vegani." Nikadhani kahama dhehebu. Amenielewesha, na sina ugomvi naye, tumbo ni lake. Shida ni kwamba nyumba hii ina watu sita na jiko la gesi la plate mbili, na moja inawaka inavyotaka yenyewe. Siwezi kupika vyakula viwili kila siku. Halafu baba yao ni mtu wa Kibosho, ukimpakulia mtori hauna nyama anauliza kama bucha zote Moshi zimefungwa.

Sasa binti kaja na kitabu. Kizito, karatasi za kung'aa, alipewa na mzungu waliyejitolea naye mahali. Mapishi 110, Kiingereza kitupu. Kiingereza nasoma, si tatizo. Jumamosi nikasema ngoja nimfurahishe, nikachagua mchuzi mzito wa korosho wa kumwagia tambi, ule wanaosema unakuwa kama jibini. Korosho nusu kilo. Jamani, huku si Mtwara, hela ile ilitosha maharage ya wiki nzima. Nikaloweka, nikasaga mpaka blenda ikaanza kunuka kuungua. Kitabu kikasema weka vijiko vinne vya hamira. Kulikuwa na neno jingine mbele ya hamira, la mambo ya lishe, mimi nikasema hamira ni hamira. Nikaweka vinne, vile vikubwa, ile ile ya maandazi. Umeme ulikuwa umekatika, nikafunika bakuli nikaliacha mezani nikaenda jumuiya.

Narudi, mfuniko umeinuka. Kitu kinatoa povu, kimeshuka ukutani mwa bakuli mpaka kwenye kitambaa cha meza, na jikoni pote pananuka mbege, ile pombe yetu ya ndizi. Mume wangu akasimama mlangoni, akanusa, akauliza posa ya nani leo.

Nilicheka mpaka nikakaa chini, ila baadaye nilikasirika. Ninachouliza ni hiki: kabla sijateketeza hela nyingine, kuna namna ya kukiangalia kitabu kama hiki na kujua kinafaa nyumba ya kawaida au ni cha kupamba meza ya sebuleni? Wa kunihubiria kuhusu nyama apite kushoto.

Bwana Ndafu

Pole mama. Mimi ningechinja mbuzi nikaweka moshi uelekee dirishani kwake, akili ingerudi yenyewe. Huo mchuzi uliochacha umeumwaga? Si ungenipigia.

Mpishi wa Mlimani

Shikamoo mama. Nawapikia wageni wanaopanda Mlima Kilimanjaro, mwaka wa kumi na nne huu, zaidi njia ya Machame, na wageni wa aina ya binti yako siku hizi hawakosi kwenye kundi. Acha nikueleze nilichojifunza kwa kuumia.

Kwanza hamira. Waliyoandika kitabuni imeshauawa kwa joto ikakaushwa, iko kama chengachenga za njano. Haiumui chochote, kazi yake ni ladha, ile ya kukolea inayofanana na jibini. Yako ilikuwa hai, ikakutana na korosho na joto la Pasua. Ikafanya kazi uliyoinunulia.

Sasa kitabu. Mgeni wangu wa kwanza asiyekula kitu cha mnyama alikuwa mama mmoja wa makamo kutoka Ulaya. Ofisi ikanipa karatasi ya vitu asivyokula. Nikavitoa vyote nikaona nimemaliza. Siku nne nampa supu ya tango, chipsi, kabichi, tikiti. Anakula, anashukuru. Tukafika Barafu, kambi ya mwisho kabla ya kilele. Saa tano usiku naamsha watu wanywe chai waanze kupanda, yeye kakaa kwenye hema kakumbatia magoti, ananiambia kwa upole kabisa, "Mpishi, nina njaa tangu Shira." Aligeuzwa kabla ya Stella Point, pale ukingoni mwa kreta. Amefunga safari kutoka kwao, amelipa hela zote zile, karudishwa na supu yangu ya tango. Sikuweza kumwangalia tulipofika getini Mweka.

Tangu siku hiyo kitabu chochote cha mapishi haya nakiuliza swali moja kwanza: nyama imetoka, kimeingia nini? Ninavyo vinne kabatini, wageni wamenitumia wakishafika kwao. Fungua vyakula vikuu vya kitabu chako, tafuta maharage, kunde, dengu, choroko, karanga, soya. Ukikuta ukurasa baada ya ukurasa ni biringanya na koliflawa tu, mwandishi alikuwa anampikia mtu aliyekwisha kushiba. Kwenye nyumba ya watu sita hakifai, hata picha ziwe nzuri namna gani.

Kikipita hapo, chukua penseli. Pita mapishi kumi yoyote, usichague yenye picha. Piga mstari chini ya kila kitu usichoweza kukipata Mbuyuni au kwa Mangi wa mtaani kwako. Pishi lenye mstari mmoja unaweza kuliokoa, lenye mitatu achana nalo. Ila wengi wanaishia hapo na wanatupa vitabu vizuri. Angalia pia hicho kitu kigeni kinarudi mara ngapi. Ninacho kimoja kinataka ufuta uliosagwa, nikanung'unika, kumbe umetumika kwenye mapishi kumi na mawili, na ufuta nasaga mwenyewe kwa blenda. Kingine kilininunulisha chupa ya siki ya tufaha kwa ajili ya kijiko kimoja cha pishi moja. Chupa iko rafuni mwaka wa tatu, tunatazamana.

Halafu muda. Wakikuandikia dakika thelathini, uliza maharage yametoka wapi. Yametoka kwenye kopo. Kopo lao la gramu 400 ukimwaga maji unabaki na kama gramu 240, na hizo unazipata kwa gramu 100 hivi za maharage makavu ukiloweka ukachemsha. Kwa hiyo wakisema makopo mawili, wewe pima robo kilo kasoro, na uloweke tangu jana yake. Vikombe vyao ni vya mililita 240, si kikombe cha chai cha nyumbani. Na dakika zao za kuchemsha ni za watu wanaokaa karibu na bahari. Hapa Moshi maji yanachemka kwenye nyuzijoto 97 hivi, Arusha 95, Barafu kama 85, ndiyo maana kule juu maharage yanaweza kushinda jikoni kutwa yakabaki changarawe. Mimi huko napanda na adesi, zile dengu ndogo nyekundu za kwenye maduka ya Wahindi. Zinaiva upesi na hazihitaji kulowekwa. Anza nazo na wewe.

Na oveni. Huna, umesema jiko ni plate mbili. Hesabu mapishi yanayotaka oveni uyatoe kwenye 110. Usishangae ukibaki na sabini.

Jambo la mwisho, mama, ulikosea siku. Umekipima Jumamosi, una muda, una hela mkononi, unataka kumfurahisha mtu. Kipime Jumatano, umetoka kazini, LUKU imebaki uniti tatu, mdogo ana kazi ya shule na gengeni kumebaki nyanya zile za chini. Kikikupa mapishi manane ya siku kama hiyo, kitunze.

Dada wa Sakina

Mpishi umeeleza vizuri, lakini mimi naona mnamtwisha mama mzigo bure. Sisi ni Wasabato, nyumbani kwetu Arusha nyama haijaingia tangu niko darasa la tano, na sijawahi kumuona mama yangu ameinamia kitabu cha mapishi.

Mama, hesabu mwenyewe. Kiburu, ndizi na maharage, ukiacha maziwa. Makande ya nazi. Kunde. Ngwara. Mnafu wa karanga. Mbaazi za tui na chapati za maji zisizo na yai, au za mafuta. Maandazi ya nazi. Uji wa ulezi unaoukorogea karanga za kusaga. Hivyo vyote binti anakula na hakuna hata kimoja utakachopigia mstari wa penseli. Kwa wiki unapika vegani mara mbili tatu na hujui. Neno lenyewe Waingereza walilitunga 1944, makande yalikuwepo.

Ila kitu kimoja hatukurithi, na hapa naomba usipite haraka. Vitamini B12. Sisi wengi tunakula yai na kunywa maziwa, tunaipata humo. Binti yako ameacha vyote, na majani na kunde haviwezi kuziba hilo pengo. Inabidi anywe vidonge au ale vyakula vilivyoongezewa. Aende famasi au aulize kituo cha afya wampe kiwango. Upungufu wake hauji leo wala kesho, unachukua muda, ndiyo maana watu wanajisahau mpaka ganzi inaingia vidoleni. Kwa hiyo kipimo changu cha kitabu ni hicho: tafuta B12. Kama hakijaitaja popote, mwandishi huyo simwamini hata kwenye chumvi.

Na chai ya rangi msinywe na chakula, inazuia madini ya chuma ya kwenye mboga yasiingie mwilini. Subirini kidogo. Kamulia ndimu kwenye mchicha badala yake. Magadi kwenye kiburu weka ya kugusa tu, yanaua vitamini B1.

Bwana Ndafu

Dada, kiburu sawa, sina neno. Lakini mtori? Mtori bila nyama ni uji wa ndizi.

Dada wa Sakina

Uponde vizuri, weka kitunguu ulichokaanga mpaka kikawa kahawia, ukishaepua pondea parachichi bivu humo. Halafu rudi hapa useme ni uji.

Mpishi wa Mlimani

Dada wa Sakina, kwa B12 nakuvulia kofia, hilo nami nimelichukua. Ila kwamba kitabu hakina kazi, hapana. Kiburu mtoto atakula kwa heshima, ni chakula cha bibi yake. Lakini amebeba kitabu kizito kile kwenye basi kutoka Dodoma, maana yake anataka kupika yeye. Mwache kitabu kimlete jikoni. Akishashika mwiko utamfundisha kiburu bila yeye kujua anafundishwa.

Mama wa Pasua

Marahaba Mpishi, na asante wote, hata wewe Ndafu. Nimerudi na ripoti.

Penseli imefanya kazi. Mapishi kumi: matatu safi kabisa, manne mstari mmoja mmoja, matatu yamechorwa kama daftari la mtoto wa chekechea. Moja linataka sharubati ya mti fulani wa Canada kwenye maharage. Maharage matamu! Hilo nimelifungia. B12 iko, ukurasa wa 14, nusu ukurasa mzima, basi mwandishi kaponea hapo. Tulipotoa ya oveni tumebaki na 68.

Jumatano nilichelewa kweli, sikuigiza. Nikamwambia binti jiko lako. Akachukua lile la adesi na nyanya. Kitabu kilitaka mboga ya majani ambayo hatuna, nikamwonyesha mnafu uliokuwa kwenye ndoo, akaukatakata. Makopo ya tui akaona ni gharama, akakuna nazi mwenyewe, kwa mara ya kwanza tangu azaliwe, na kidole gumba kimoja kina plasta. Tangawizi aliweka nyingi. Tukala na wali. Baba yao akaongeza mara ya pili, akachovya kijiko mpaka chini ya bakuli akawa anatafuta, akauliza, "Nyama mmezificha wapi?" Hakuna aliyemjibu.

Kwa hiyo kitabu kinabaki, ila kimehamia jikoni, kimeshapata doa la mafuta ukurasa wa 52. Korosho sinunui tena. Ule mchuzi tumejaribu kwa karanga mbichi zilizolowekwa, umetoka na rangi ya udongo, lakini unalika.

Sasa nina swali jingine. Nina presha kuka niliyopewa kwenye harusi, mpira wa mfuniko umekauka na kupasuka, mvuke unatokea pembeni. Nataka niirudishe kazini kwa ajili ya haya maharage. Mpira peke yake unapatikana hapa mjini au mpaka ninunue nyingine?

Mpishi wa Mlimani

Unapatikana mama. Waulize mafundi wa majiko na wauza vyombo sokoni Mbuyuni. Usiende na kipimo cha kamba, beba mfuniko wenyewe, ujaribiwe hapo hapo mbele yako. Na kile kitundu cha kutolea mvuke kitazame juani kabla hujawasha, kikiwa kimeziba kizibue kwa sindano.