Chanjo ya homa ya ini B kwa wenye miili mikubwa: sindano ya milimita 25 inafika kwenye msuli?

Mchanjaji_Kata:
Habari za kazi wakuu. Tunajiandaa kuchanja watumishi wa kituo homa ya ini B, ratiba ya 0, mwezi 1 na miezi 6. Baadhi ya akina mama wana kilo 95 hadi 115. Mabomba tuliyonayo ni ya ml 2, yamekuja na sindano za 23G (G ni kipimo cha unene) zenye urefu wa milimita 25. Je, nikiminya nyama ya mkono nikachoma kama kawaida inatosha, au niwachome pajani? Na nitajuaje kama chanjo imeshika?

Sista_Chanjo:
Kwanza kabisa, usiminye. Ukiminya mkono wa mtu mwenye mafuta mengi unayainua mafuta yale yaje mbele ya sindano, na msuli unabaki chini. Kuminya ni kwa mtu aliyekonda, ambaye unaogopa kugonga mfupa. Huyu mwenye mafuta mvute ngozi ibane kwa kidole gumba na cha shahada, ukiikandamiza kidogo, kisha choma wima, nyuzi 90, mpaka kitako cha sindano kiguse ngozi. Ukiacha milimita 3 au 4 nje, hizo ndizo ambazo zingekufikisha kwenye msuli. Huna haja ya kuvuta pistoni kuangalia damu.

Urefu wa sindano fuata uzito na jinsia. Mwongozo wa CDC, taasisi ya kudhibiti magonjwa ya Marekani, kwa msuli wa bega: kilo 60 hadi 70, milimita 25. Mwanamke wa kilo 70 hadi 90, au mwanaume wa kilo 70 hadi 118, milimita 25 hadi 38. Mwanamke anayezidi kilo 90 na mwanaume anayezidi 118, milimita 38. Kwa hiyo akina mama wako wote ni wa 38. Wanawake wametengwa kwa sababu, kwa uzito uleule, mafuta ya bega lao huwa mazito kuliko ya mwanaume.

Bahati nzuri bomba lako la ml 2 linabadilishwa sindano. Tafuta 22G, ile ya kitako cheusi, au 21G ya kijani, na usome pakiti: iandikwe 0.7 × 38 au 0.8 × 38 mm. Rangi inakuambia unene tu, haikuambii urefu. Wengi wanaponzwa hapo.

Mfamasia_Pwani:
Niongezee sababu. Chanjo ya homa ya ini B ina alumini. Ikibaki kwenye mafuta, ambako damu hupita kidogo, inakawia kufikia seli za kinga, na pale pale inaweza kuacha uvimbe mgumu unaouma kwa wiki kadhaa. Utafiti uliochapishwa mwaka 2010 Marekani kwa vijana wanene ulilinganisha sindano za inchi 1 na inchi 1.5 (yaani milimita 25 na 38) kwa chanjo hii hii: waliochomwa kwa ndefu walipata kingamwili nyingi zaidi. Hata hivyo tusiibebeshe sindano lawama zote, unene wenyewe hupunguza mwitikio wa kinga.

Kuhusu paja: linakubalika, lakini kwa akina mama wengi mafuta ya paja ni mazito kuliko ya bega, kwa hiyo huenda umekimbilia kubaya zaidi. Makalioni usiguse. Dozi ya homa ya ini B iliyochomwa makalioni haihesabiwi, inarudiwa.

Mchanjaji_Kata:
Asanteni sana. Na pepopunda kwa wajawazito, tunatumia yale mabomba ya ml 0.5 ya kujifunga yenyewe yakishatumika mara moja?

Sista_Chanjo:
Hayo sindano yake haichomoki, na kwa kawaida ni 23G ya milimita 25. Kwa mama mzito hapo mbinu ndiyo yote: vuta ngozi, kandamiza, zamisha sindano yote. Akiwa zaidi ya kilo 90, muulize mratibu wa chanjo wa wilaya kama mnaruhusiwa bomba la kawaida lenye sindano ndefu. Usijiamulie, maana yale ya kujifunga yamewekwa kuzuia kutumika mara mbili.

Na mahali pa kuchoma: mtu avue mkono wa nguo kabisa. Nguo ikiwa imebana na kukunjwa juu, mchanjaji huishia kuchoma juu mno, kwenye kiungo cha bega, na maumivu yake hukaa miezi. Fuata mfupa wa mtulinga hadi ncha ya bega, shuka vidole 2 hadi 3, ubaki juu ya usawa wa kwapa. Uzito wake muulize faraghani, si mbele ya foleni.

Maabara_Bara:
Kujua kama imeshika: pima kingamwili dhidi ya HBs (protini ya ganda la kirusi cha homa ya ini B) mwezi 1 hadi 2 baada ya dozi ya tatu. Kuanzia 10 mIU/ml amekingwa. Ikiwa chini ya hapo, rudia dozi tatu kwa sindano sahihi kisha upime tena. Ikibaki chini, mpime HBsAg, yaani protini yenyewe ya kirusi kwenye damu, kwa kuwa huenda tayari ana maambukizi. Ukipima baada ya mwaka mzima matokeo yanachanganya, kiwango hushuka hata kwa mtu ambaye bado analindwa.