Umeniuliza mwenyewe nataka mshahara kiasi gani, nimekujibu, sasa unacheka nini?

Wakuu nimetoka kwenye usaili saa hii, mikono bado inatetemeka. Yule bwana mnamjua, aliyewahi kutafuta kazi kashakutana naye, miwani puani simu 2 mezani. Tumeongea vizuri nusu saa, vyeti kavisifia, mwisho ananiuliza, "Unategemea tukulipe kiasi gani?" Nikataja. Sikuomba hela ya kununua ndege jamani, nimetaja kile wanachopata wenzangu tuliomaliza nao kozi moja. Akavua miwani AKACHEKA. Kacheka mpaka machozi, halafu akamwita mwenzake chumba cha pili, "Njoo usikie! Hebu rudia dogo."

Hebu rudia!! Na nikarudia.

Kama bajeti mnayo si muiandike kwenye tangazo? Mmeandika "mshahara wa kuvutia", unamvutia nani? Kazi ya kuanzia mnataka uzoefu wa miaka 3, huo uzoefu niupatie wapi wakati nilikuwa darasani miaka 4, halafu ananiambia "kwanza jifunze, hela itakuja". Mwenye nyumba nimpelekee kujifunza? Ila hayo yote ningemeza, kile kicheko ndo sikimezi. Hebu rudia dogo. Mlinzi wa getini kaniangalia natoka, nina uhakika kakisikia.

Mdau 1: Taja hiyo namba na sisi tucheke

Mtoa mada: Sitaji. Mada ni kuchekwa, sio namba.

Mdau 2: Ulitaja kabla ya makato au ya mkononi? Wengi mnakosea hapo, wewe unawaza ya mkononi, yeye kaandika kabla ya kodi na mfuko wa pensheni. Mimi mshahara wa kwanza nilienda uhasibu kugomba nikijua nimeibiwa

Mdau 3: Kuna mmoja alikuja kwangu kaomba hela ya meneja, kuambatisha faili kwenye barua pepe anaita msaada

Mtoa mada: Una miwani na simu 2 wewe?

Mdau 4: Angalau umeulizwa. Mimi mwezi wa 9 huu nipo intanshipu, posho ya nauli tu, na wapya nawafundisha mimi

Mdau 1: Miezi 9?? Hiyo sio intanshipu hiyo ni ndoa

Mdau 5: @Mdau 4 hiyo posho yenu inatoka tarehe ngapi? Yetu ya mwezi uliopita haijaingia mpaka leo

Mdau 4: Hata yetu. Wanasema mtu wa kusaini kasafiri

Mdau 5: Na sisi tumeambiwa hivyohivyo!! Huyu mtu anasaini ofisi ngapi?