Tupeane uzoefu: umenyimwa mkopo benki, ulifanya nini baada ya hapo?

Vipuri Kirumba (mleta mada)
Wakuu, heshima kwenu. Nina duka la vipuri vya pikipiki hapa Mwanza. Niliomba mkopo wa milioni nane niongeze mzigo. Afisa mikopo akaja mpaka dukani, akapiga picha, akahesabu mali, akaniambia nisiwe na wasiwasi. Baadaye ikaja meseji fupi: ombi lako halikufanikiwa. Sababu haikutajwa. Nyie wa "mkopo dakika tano njoo inbox", hapa hapana. Nawataka walionyimwa kweli: mlifanyaje, na kipi kilisaidia?

Kadi ya Njano
Pole mkuu. Usikimbilie benki ya pili kabla hujajua ya kwanza ilikukatalia nini. Nenda tawini, andika barua, omba sababu kwa maandishi. Mimi niliambiwa "taarifa zako za mikopo si nzuri" na nilikuwa sidaiwi hata shilingi.

Nikaomba ripoti yangu Creditinfo. Kwa wasioijua, ni moja ya kampuni zenye leseni ya BoT (Benki Kuu) ya kuchakata taarifa za wakopaji, na ripoti yako unaruhusiwa kuiomba mwenyewe. Nikakuta mkopo wa bodaboda niliochukua kwenye taasisi moja (jina naliacha) unasomeka bado una salio na marejesho yamechelewa. Mkopo huo niliumaliza, na kadi ya pikipiki wakanikabidhi! Wasingenipa kadi kama nadaiwa.

Sasa hapa ndipo wengi wanapotea. Wanakwenda kugombana na waliotoa ripoti, wakati wao wanaandika wanacholetewa na mkopeshaji. Anayepaswa kurekebisha ni aliyekukopesha. Nikarudi kule na stakabadhi za marejesho na nakala ya kadi, nikadai vitu viwili: barua ya kumaliza deni, na taarifa zangu zisahihishwe. Wakanizungusha weee, leo mfumo uko chini, kesho meneja yuko kikaoni. Nikaandika malalamiko rasmi, nikagongewa muhuri wa kupokelewa kwenye nakala yangu, nikawaambia wasiponijibu naipeleka dawati la malalamiko la Benki Kuu. Huko lazima uanze kwa mkopeshaji mwenyewe, ndiyo maana ule muhuri ni muhimu. Faili likaonekana.

Ripoti ilipokaa sawa nikarudi tawi lilelile. Nilipata, japo pungufu ya nilichoomba.

Dogo Pasiansi
Kwa hiyo ukilipa deni bovu, historia inafutika?

Kadi ya Njano
Haifutiki siku hiyohiyo. Itasomeka umelipa, na kuchelewa kwako kutaendelea kuonekana. Ila aliyechelewa akamaliza si sawa na anayedaiwa mpaka leo, na maafisa wanalijua hilo. Halafu ukiomba sehemu tano kwa mkupuo, nalo wanaliona.

Ticha wa Chanika
Kwetu watumishi kikwazo ni moja ya tatu. Makato yote yakishatoka, lazima theluthi ya mshahara wa msingi ibaki. Msingi wangu ni 780,000, kwa hiyo 260,000 haiguswi. Nilikuwa na rejesho la SACCOS, na bodi ya mikopo ya elimu ya juu wanakata asilimia 15, yaani 117,000 kila mwezi. Benki wakasema nafasi haipo. Hapo hata uwe na historia safi namna gani, mfumo unakataa tu.

Nilichofanya ni kuchukua salari slipu na kikokotoo na kupiga hesabu mwenyewe. Deni la bodi lilikuwa linaelekea ukingoni, nikasubiri liishe. Ile 117,000 ilipofunguka nikaomba upya, nikapita. Shule nzima sasa wananiletea slipu zao niwapigie hesabu, wakati somo langu ni Historia.

Mama Wawili Mbagala
Nicheke kidogo. Mume wangu alinyimwa mkopo kwa sababu mimi sikusaini. Aliweka nyumba tunayoishi kuwa dhamana, na nyumba ya ndoa Sheria ya Ndoa ya 1971 inataka ridhaa ya mwenza. Nilikataa na ningekataa tena, mkopo wenyewe ulikuwa wa gari la kutembelea.

Akina dada, njia nyingine ni ile mikopo ya asilimia kumi ya mapato ya halmashauri: nne wanawake, nne vijana, mbili watu wenye ulemavu. Haina riba. Ilisimamishwa 2023, ikarejeshwa 2024. Shida yake ni kikundi, mkipata mwenzenu mmoja mkorofi mtalia wote.

Mzee wa Hesabu
Mleta mada, mauzo yako yanapita wapi?

Vipuri Kirumba (mleta mada)
Mengi taslimu mzee wangu. Wengine wananitumia kwenye laini yangu ya kawaida, naitoa, nanunulia mzigo.

Mzee wa Hesabu
Basi nadhani jibu unalo, ingawa ukaulize kama ulivyoelekezwa. Nimefanya kazi ya mikopo. Afisa anayekuja dukani anaandika tu, anayeamua yuko mbali na anasoma taarifa ya akaunti. Mali rafuni haimwambii kama kila mwezi utaweza rejesho. Chukua lipa namba ya jina la biashara, mauzo ya siku yaingie benki hata kama kesho yake utayatoa, akaunti isomeke hivyo miezi sita. Ukirudi, usianze na milioni nane, omba tatu.

Dogo Pasiansi
Miezi sita mingi mzee. Si achukue kausha damu, ile mikopo ya mtaani ya riba kubwa, kwanza azungushe?

Mama Wawili Mbagala
Wee! Jirani yangu walimchukua kadi ya benki na namba ya siri, mshahara ukiingia wanatoa wao. Na hiyo mikopo ya kwenye simu, BoT walitoa orodha ya programu 69 zisizo na leseni Novemba 2024. Angalia leseni kabla ya kutuma hata namba ya NIDA.

Vipuri Kirumba (mleta mada)
Nimewasoma wote. Jumatatu naenda tawini na barua. Mzee wa Hesabu, hiyo lipa namba wanataka TIN na leseni ya biashara, au TIN inatosha?

Mzee wa Hesabu
Beba vyote viwili, na NIDA yako.