Kuhamishia "Bustani ya Micheri" kwenye shamba la kahawa Moshi

PaziaMoshi: Wakuu, habari zenu. Kikundi chetu kinaandaa mchezo huu wa Chekhov, mwandishi wa Kirusi, katika Moshi ya leo: familia inarudi nyumbani, shamba la kahawa liko rehani benki, mnada unakaribia. Waigizaji tuko 8, ukumbi ni wa bati wenye soketi nne. Tunalenga Aprili. Tuwaache wahusika gani? Na simu tuzifanyeje, maana Sehemu ya Tatu yote ni watu kungoja habari za mnada?

Mzee wa Jukwaa: Kwanza shamba. Msiliite kihamba. Kihamba, shamba la Wachaga, ni cha ukoo, kina makaburi, na mtazamaji wa Kibosho au Marangu atajiuliza papo hapo benki imekipokeaje wakati ukoo haujaketi. Liwe shamba kubwa lenye hati.

Lopakhin, mfanyabiashara anayelinunua shamba, awe mtoto wa kibarua wa shamba hilohilo. Kwa Chekhov, babu na baba yake walikuwa watumwa pale, hata jikoni hawakuruhusiwa kuingia, na leo yeye ndiye anayelinunua. Uzito wa mchezo uko hapo. Mkiukosa, jinzi na simu hazitawaokoa. Shauri lake la kukata miti na kugawa viwanja halihitaji kuguswa. Maua nayo yanakubali: ya kahawa ni meupe kama ya micheri.

Fedha, chukueni uwiano. Bibi wa Yaroslavl, ndugu tajiri wa familia, anatuma ruble 15,000 za kununulia shamba. Mnadani Lopakhin anapanda 90,000 juu ya deni. Basi shilingi milioni 150 kwa milioni 900, ukumbi mzima utaguna.

Simu msisingizie mtandao. Mama ampigie kaka yake aliye mnadani, iite, isipokelewe. Apige tena huku muziki unaendelea. Kungoja huko kunauma kuliko kungoja treni ya kuwarudisha, kama kwa Chekhov.

Binti Karanga: Kwa watu 8: mama mwenye shamba, kaka yake, mabinti wawili, Lopakhin, mwanafunzi Trofimov, mtumishi mzee Firs na jirani Pishchik. Pishchik mtatamani kumkata kwa kuwa kazi yake ni kukopakopa tu. Msimkate! Chekhov aliuita mchezo huu komedi, na mwongozaji Stanislavski alipouonyesha Moscow mwaka 1904 kama wa machozi, mwandishi hakuridhika. Bila vichekesho mtabaki na matanga ya saa mbili. Tena Pishchik hayumo Sehemu ya Pili, kwa hiyo huyohuyo acheze mpita njia. Firs msimpe mtu wa Pishchik, wanakutana Sehemu ya Tatu.

FundiTaa_Arusha: Aprili hapana. Ni masika, na mvua juu ya bati humeza sauti yote. Nendeni Agosti, hata mnada kwenye mchezo ni Agosti 22.

Soketi ya ampea 13 kwa volti 230 hubeba kama wati 3,000, lakini mara nyingi soketi zote nne ziko kwenye waya mmoja, hivyo taa za zamani za wati 1,000 zitakata umeme katikati ya onyesho. Fundi aangalie kabla, au kodini za LED. Zipigeni kutoka mbele, pande mbili, digrii 45, la sivyo macho yatakuwa mashimo.

Sauti ya miti kukatwa mwishoni itoke kwenye spika iliyo nyuma ya jukwaa, na ianze baada ya Firs kunyamaza. Msumeno wa injini ukilia juu ya maneno yake, mmempoteza.

Kibali: michezo ya kuigiza imo kwenye Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza ya 1976, kwa hiyo anzeni mapema kwa afisa utamaduni, muswada mkononi. Chekhov alifariki 1904, kazi yake ni huru, ila tafsiri ya Kiingereza mnayotumia huenda ina mwenyewe. Jina la mfasiri liko ukurasa wa mbele, mtafuteni kabla ya kuchapa mabango.